Ukurasa wa Maswali na Majibu: Waliouzika Walizika Kitu Kingine

Agosti 2023 Google ilitangaza kwamba vile visanduku vya maswali na majibu vilivyokuwa vikijitokeza chini ya kiungo kwenye matokeo ya utafutaji vitaachiwa tovuti za serikali na za afya zenye jina. Tangu hapo watengeneza tovuti wengi wamekuwa na wimbo mmoja kwa wenye biashara ndogo: ukurasa wa maswali umekufa, weka pesa yako kwenye matangazo. Wana sababu zao, na baadhi ni nzito. Ila kilichokufa si kile wanachodhani.

Visanduku hivyo vilianza 2019. Ulikuwa unabandika kwenye ukurasa msimbo wa skima, yaani alama zilizofichwa zinazoieleza Google lipi ni swali na lipi ni jibu, kiungo chako kinavimba, kinakula nusu ya skrini ya simu, na mshindani anasukumwa chini. Watu wakabandika maswali kila mahali, hadi kwenye ukurasa wa mawasiliano. "Kwa nini utuchague sisi?" Nani aliwahi kuandika hivyo Google? Visanduku vilikuwa pambo, vikatumiwa vibaya, vikaondolewa. Maandishi yenyewe hayakuguswa. Kichwa chenye swali na aya yenye jibu vinasomwa na kuorodheshwa kama maandishi mengine yoyote.

Hoja za upande wa pili ni tatu. Ya kwanza, tangu 2024 muhtasari wa akili bandia unakaa juu ya matokeo, mtu anasoma jibu na kuondoka bila kubofya. Ya pili, mteja wa Dar au Nairobi anakuja kupitia Instagram, status ya WhatsApp na maneno ya jirani. Ya tatu, ukurasa huo unataka matunzo, na mwenye duka hana muda. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipa uzito zaidi, maana ukurasa wenye bei za mwaka juzi ni afadhali usingekuwepo.

Hiyo ya kwanza inatisha kuliko inavyouma. Chukua fundi wa AC Dar es Salaam. Mtu wa Mwanza anayeuliza kama gesi ya AC huisha yenyewe, akasoma muhtasari na kuridhika, hakuwa mteja wake hata siku moja. Anayetaka fundi afike Kimara leo jioni hawezi kuridhika na muhtasari. Anataka namba ya simu, bei na uhakika kwamba fundi anafika huko. Tena muhtasari huo unaokotwa kwenye kurasa za watu, na Google yenyewe inasema hakuna msimbo maalumu unaohitajika ili kuingia humo.

Tazama swali hilo la gesi likijibiwa vizuri: "Hapana. Gesi ya AC haiishi kwa matumizi kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba. Ikipungua, kuna mahali inavuja, mara nyingi kwenye maungio ya bomba la shaba. Kabla ya kujaza, fundi apime uvujaji kwa presha ya naitrojeni, azibe, avute hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha ajaze kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine." Maneno hayafiki 60, na neno la kwanza ndilo jibu. Mteja aliyekuwa anajaziwa gesi kila mwaka ameshajua alikuwa analipia nini, na anajua nani amemweleza.

Sasa bei. Hapa ndipo kurasa nyingi zinakufa, na ndipo upande wa kuandika una hoja ambayo wapinzani wake hawaigusi. Tabia yetu ya "bei njoo inbox" imehamia kwenye tovuti ikavaa suti: "Bei inategemea mahitaji yako, wasiliana nasi." Mtu ameandika "bei ya sevisi ya AC Dar". Ukurasa usio na namba hauna cha kumjibu, na Google haiwezi kunukuu namba isiyoandikwa. Itampeleka kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine, au kwa mshindani aliyethubutu kuandika.

Wauzaji wana utetezi wao. Mshindani ataiona bei? Anaijua tayari, inamtosha kupiga simu akijifanya mteja. Bei hubadilika kulingana na kazi? Basi andika kinachoibadilisha. Mteja atakimbia? Atakayekimbia bei atakimbia vilevile baada ya kukutumia meseji 20, tofauti ni kwamba hizo 20 umezijibu ukiwa juu ya ngazi.

Tuseme fundi wetu anatoza 35,000. Namba ni za mfano tu, na BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza. Jibu lake liwe hivi: "Sevisi ya AC ya ukutani ya BTU 9,000 hadi 12,000 ni shilingi 35,000, ya BTU 18,000 hadi 24,000 ni 50,000. Ndani yake kuna kuosha filta na koili zote mbili, na kuzibua bomba la kutolea maji. Gesi na vipuri havimo. Mashine ya nje ikiwa ukuta wa ghorofani pasipofikika kwa ngazi ya kawaida, tunakuja kuangalia kwanza, na kuangalia ni bure." Chini yake mwezi na mwaka bei ilipohakikiwa. Hapo kuna bei ya kila ukubwa, vilivyomo, visivyomo na kinachopandisha. Maswali manne ya WhatsApp yamekwisha kabla hayajaulizwa.

Maswali hayatungwi, yanachimbwa. Fungua WhatsApp ya biashara, rudi miezi mitatu nyuma, nakili swali la kwanza la kila mteja mpya kwa maneno yake. Kisha fungua Search Console, zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyowaleta watu, sehemu ya utendaji, uchuje maneno yenye "bei", "wapi", "kwa nini", "gani". Utakuta watu wanaandika "ac inatoa maji ndani", wakati tovuti inasema "kiyoyozi kuvujisha unyevu". Kichwa kifuate la mteja, lile sanifu likae ndani ya jibu. Yanayojirudia yatakuwa 8 hadi 12, na ndiyo yanayotosha. Usisahau yanayoonekana ya kijinga: "Mnafika Kigamboni?" "Mnatoa risiti ya EFD?" La pili, la risiti ya mashine ya kodi, ndilo linaloamua kama ofisi itakupa kazi au la.

Yagawe kwa huduma: ya sevisi kwenye ukurasa wa sevisi, ya kufunga mashine mpya kwenye wake. Ukurasa mmoja wa maswali 40 hauzungumzii chochote kwa kina, na swali lilelile likirudiwa kwenye kurasa tano linazifanya zigombanie utafutaji mmoja. Jibu likizidi maneno 300, lipe ukurasa wake na uweke kiungo.

Makosa ya kiufundi ni machache lakini yanaua. Majibu yanayokunjwa na kufunguka kwa kugusa hayana tatizo, mradi maandishi yamo kwenye ukurasa tangu unapofunguka. Yakipakiwa baada ya mguso tu, Google haiyaoni, kwa sababu roboti yake haibofyi. Kuhakiki ni rahisi: kagua anwani ya ukurasa ndani ya Search Console, tazama HTML iliyopatikana, yaani msimbo wa ukurasa kama Google ilivyousoma, tafuta sentensi ya jibu. Kosa jingine la kwetu ni majibu yaliyochorwa kwenye bango na kupandishwa kama picha: yanapendeza Instagram, ila kwenye utafutaji hayategemeki.

Kuna ambao wapinzani wako sahihi kabisa juu yao. Mama ntilie anayelisha mtaa mmoja, au fundi nguo mwenye foleni ya wiki tatu, hahitaji ukurasa huu. Namba, ramani na picha kwenye wasifu wa biashara wa Google vinamtosha. Ukurasa wa maswali unamlipa yule ambaye mteja wake hamjui, ana shida ya ghafla, na anaogopa kuibiwa: fundi wa AC, mchimba visima, mfunga sola, wakala wa mizigo.

Kipimo cha ukurasa huo kisiwe mibofyo peke yake, kwa kuwa muhtasari umeipunguzia maana. Chini ya kila kundi la maswali weka kiungo cha wa.me, kinachofungua WhatsApp yako moja kwa moja, chenye ujumbe ulioandikwa tayari, "Nimesoma bei za sevisi", na kingine "Nimesoma kuhusu gesi". Mteja akigusa, ujumbe unaingia ukitaja alikotoka. Subiri miezi mitatu, uhesabu. Kundi lisiloleta ujumbe hata mmoja lichunguzwe kwanza kama jibu la bei lina namba ndani yake.