Motere imechoka, na mimi je?

Bukavu hii kila mtu ni fundi. Ukitaka kuhakikisha, panda kilima cha kwenda Kadutu na Peugeot 404 inayotoa moshi wa bluu, kisha ikuzimikie katikati. Muuza mayunite ni fundi. Muuza ndizi ni fundi. Mlevi mmoja aliinama, akasikiliza motere, yaani injini, ambayo ilikuwa imeshazimika, akatikisa kichwa: "Papa, hizi ni segma."

Jamani, najua! Segma ndizo pete za pistoni; zimelika, mafuta ya motere yanapenya kwenda juu na kuungua pamoja na esanse. Mama watoto anasema gari linamaliza mafuta kuliko sufuria yake, na sina la kumjibu. Jana muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alinisimamisha: "Papa, hizi nilikuwa nauza mbichi. Sasa umeshanikaushia kwa moshi, nani atalipa kuni?" Nikanunua bakuli mbili ili yaishe.

Kinachoniuma ni kwamba 404 si gari la kuchekwa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Yangu, ambayo karte roze, ile kadi ya gari, inasema ni ya 1967 hiyohiyo, inashindwa na Kadutu. Haya, na hewa ya huku nayo: tuko mita kama 1,500 juu ya bahari, motere inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15. Nikimweleza abiria hivyo, ananiambia ile Toyota iliyotupita inavuta hewa gani.

Vijana nao: "Muzee, toa hiyo motere, tia ya Toyota." Waone kwanza! Ile motere Peugeot waliilaza upande nyuzi 45, imelala hivyo tangu kiwandani kama mlinzi wa usiku, nani atakuja kukata bodi ili kupachika ya Kijapani iliyosimama wima? Tena shemizi zake, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomoka, unatia mpya na pistoni zake bila kutupa bloku. Shida ni kuzipata. Kila duka wananiuliza, "Ya mwaka gani?" Nikisema, muuzaji anamwita mwenzake aje anione.

Fundi wangu alitaka kwanza kuhakikisha kama ni segma au ni supapu, yaani valvu. Akatoa bujia, ile plagi ya cheche, akapima nguvu ya mgandamizo wa silinda: iko chini. Akaomba kijiko, akamimina mafuta kidogo kwenye tundu la bujia, akapima tena. Mshale ukapanda. "Unaona, muzee? Mafuta yameziba pengo. Kama ni supapu usingepanda."

Kwa hiyo mlevi alisema kweli, na hakunidai hata faranga. Fundi amenidai ya mchana mzima. Mama watoto naye anadai kijiko, maana kilikuwa cha wageni.