Roboti za angani na haki ya kukataa

Mjadala wa kama roboti za angani ziachiwe kujiamulia zenyewe ukianza, wengi hukimbilia Mirihi. Mimi naanzia Mpoma, wilayani Mukono, kwenye kituo cha kuwasiliana na PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Wahandisi watatu Waganda waliiunda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Ilirushwa Novemba 2022, na mwezi uliofuata ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilizunguka kilomita 400 hivi juu yetu, umbali mfupi kuliko barabara ya Kampala hadi Arua. Hata hivyo, kila ilipopita ilionekana kwa dakika zisizozidi kumi hivi, kisha ikatokomea.

Kwa hiyo si Mirihi tu ambako binadamu hafiki kwa wakati. Huko ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, na chombo kinachotua hakiwezi kungoja ushauri. Sisi tatizo letu ni uchache wa vituo. NASA, shirika la anga la Marekani, ina antena kubwa California, Madrid na Canberra, ili Dunia ikizunguka daima pawe na inayosikiliza vyombo vya mbali. Nchi yenye kituo kimoja ndiyo inayohitaji zaidi mashine inayojua kujitunza.

Wanaotaka binadamu ashike hatamu wana hoja nzito. Aprili 2023 chombo cha kampuni ya Kijapani ispace kilikuwa kikishuka Mwezini. Kilipovuka ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la Mwezini, kipimo cha urefu kikaruka ghafla kwa kilomita 3 hivi. Kipimo kilikuwa sahihi, ila programu ikakiona kibovu na kukitupa. Chombo kikaamini kimefika chini kumbe bado kiko kilomita 5 juu, kikaishiwa mafuta, kikaanguka. Lakini mahali pa kutua palikuwa pamebadilishwa na watu baada ya programu kusanifiwa, na majaribio ya njia hiyo mpya hayakutosha. Hapo nasita kuilaumu mashine peke yake.

Na binadamu naye? Julai 2023 wahandisi wa NASA waliipelekea Voyager 2, chombo chao kilichoko mbali sana angani, amri iliyoigeuza antena yake digrii 2 kutoka upande wa Dunia. Mawasiliano yakakatika. Walifaulu kuirudisha mapema Agosti, lakini hata wangeshindwa, chombo kilikuwa kimepangiwa tangu awali kujielekeza upya chenyewe katikati ya Oktoba.

Ndiyo maana kuuliza nani ashike usukani naona kunatupoteza. Mwenye malori aliyeko Kampala hampigii dereva simu kumwambia lini akanyage breki; humkataza mapema asiendeshe usiku, asibebe abiria. OSIRIS-REx, chombo cha NASA cha kuchukua sampuli, ilifanya kazi hivyo Oktoba 2020 kwenye asteroidi (mwamba wa angani) Bennu. Watu walichora ramani ya sehemu za hatari, wakakipa chombo ruhusa ya kughairi na kupaa kikiona kinaelekea huko. Mahali walichagua wao. Kukataa kuliachiwa mashine.

Mimi naegemea hapo: mashine ipewe uhuru mpana wa kusimama, kuzima kifaa au kurudi nyuma, na uhuru finyu sana wa kuanzisha jambo jipya. Ubaya wake upo. Chombo chenye woga hupoteza siku nzima za kazi, na muda huo una gharama.

Kuna suala jingine tusiloligusa sana. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaiwajibisha dola kwa shughuli zake huko, hata zikifanywa na kampuni binafsi. Hausemi kwamba programu ikijiamulia vibaya dola inasamehewa. Siku Uganda itakaponunua chombo chenye injini na akili ya kukwepa vyombo vingine, wanasheria wetu waulize kabla ya kutia saini: sheria za kukataa zilizomo ndani ya programu hiyo ziliandikwa na nani, na je, Mpoma inaweza kuzibadilisha bila kumpigia simu muuzaji?