Jenereta la saa tisa usiku

Jamani mimi nishawahi kukimbizana na mwizi, nishawahi kulala mlima Kitonga na lori bovu, ila kukutana na mama mkwe uani saa tisa usiku nimevaa bukta na koti la mke wangu lenye manyoya shingoni, hiyo sikuwa nimejiandaa kabisa. Na yote haya sababu ya jenereta.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Nakaa Uyole hapa Mbeya, duka langu lipo Mwanjelwa, na nyumbani nina mashine ya kutotolesha mayai 176. Mayai ya kuku yanataka siku 21 kwenye joto la 37 na nusu hivi, sio leo 37 kesho baridi la Uyole. Sasa ule mgao wa mwishoni mwa 2023 mnaukumbuka, umeme ulinikatikia mayai yakiwa na siku 15, ukarudi kesho yake. Nilikaa nayo tu kwa matumaini mpaka siku ya 23, siku niliyoanza kupasua moja moja nyumba nzima ilihamia kwa jirani kwa harufu. Nikaapa, hela ya kwanza kubwa nitakayoshika ni jenereta.

Hela yenyewe nikaja kuishika Juni 2024. Na mnajua Februari mwaka huohuo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulishawashwa, lile la megawati 2,115, umeme umeanza kutulia, watu wanasahau hata mishumaa wameweka wapi. Mke wangu akaniuliza taratibu, "Baba Neema, si umeme umerudi?" Nikamwambia mwavuli haununuliwi mvua ikishaanza. Nilijiona nimeongea kitu.

Kuna mradi ulikuwa unafungwa pale Forest wanauza vitu vya ofisi, nikapata jenereta la dizeli kva 10, limefunikwa na boksi lake, zuri, limetumika kidogo. Fundi akaja na dogo wake. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa, "Bosi kwa nini uingie gharama? Nakutengenezea waya una plagi dume huku na dume huku, unachomeka kwenye soketi, nyumba nzima inawaka." Hapo nilimkatalia. Waya wa hivyo ukichomoka upande mmoja unabaki na meno yaliyo wazi yenye umeme, na siku ukisahau kuzima meini swichi umeme wako unatoka kurudi kwenye nguzo, unaikuta transfoma ambayo kazi yake ni kushusha volti elfu kumi na moja, safari hii inazipandisha, na huko juu kuna kijana kapanda nguzo anajua laini imekufa. Hapana. Tukafunga chenjiova ya otomatiki, umeme ukikata inahesabu sekunde kadhaa, inaliamsha jenereta, inalihamishia nyumba, umeme wa nguzo ukirudi inarudisha yenyewe. Tukamwaga zege nyuma ya banda mbali na madirisha, maana moshi wa injini una hewa ileile ya jiko la mkaa inayomaliza watu usingizini na huku kwetu kwa baridi tunaijua vizuri.

Fundi akaniambia tena kva 10 ni kilowati 8, halafu hapa tupo mita 1,700 na ushee juu ya bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapungua nguvu, kwa hiyo nihesabu sita na kitu nisijidanganye na nane. Yaani hata jenereta likipandishwa Mbeya linahema. Ndio maana shawa ya maji moto tuliitoa kwenye hesabu, watu wataoga ya kuchemsha.

Swali la mwisho ndilo lililoniponza. Nipo kwenye simu na mteja ananililia bei, fundi anauliza, "Bosi, lijipime lini?" Maana jenereta la kusubiri likikaa tu betri inalala, oili inajikalia chini, siku ya siku haliwaki, kwa hiyo linawekewa ratiba mara moja kwa wiki linajiwasha lenyewe dakika 15, linapasha mwili, linajizima. Nikamwonesha vidole vitatu, nikasema, "Jumamosi, saa tatu." Dogo akabonyezabonyeza pale kwenye kioo kidogo, tii, tii, tii, wakalipwa, wakaondoka zao kwenda Chunya kwenye kazi ya machimbo.

Jumamosi saa tatu asubuhi mimi nipo dukani, mke wangu yupo kliniki na mtoto mchanga au sokoni, kwa hiyo kila mtu akawa anajua linajipima sisi tusipokuwepo. Nyumbani anabaki mama mkwe, amekuja kutoka Tukuyu kumlea mwanawe aliyejifungua. Yeye hakuna aliyemwambia kama kuna kitu kinajiwasha.

Usiku wa Ijumaa ya kwanza. Baridi ya Julai, ile ya kulala na soksi. Nikasikia krrr krrr krrr, halafu NGURUUUU. Nikaruka, wazo la kwanza umeme umekata, la pili nikaona taa ya korido inawaka. Umeme upo! Sasa hili nani kaliwasha? Nikajua mwizi. Nikavaa cha kwanza mkono ulichokishika mlangoni, ndilo lile koti, nikabeba panga, nimefika kwenye kona ya banda ndio akili inaniuliza, mwizi gani anakuja kuiba jenereta anaanza kwa kuliwasha?

Uani taa zinawaka, jenereta linatetemeka kwenye zege lake, na injini ya dizeli ikiamka na baridi vile inatoa moshi mweupe, moshi umetanda kwenye mwanga wa taa kama kuna mtu mrefu amesimama. Katikati ya moshi akatokea kweli mtu, kajifunga mashuka mawili, kashika mwiko. Mama mkwe. Tukatazamana. Mimi miguu wazi mpaka mapajani, manyoya shingoni, panga mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema. Sikuona la kusema lingine.

"Marahaba baba," akaangalia pembeni upande wa mihogo. "Kyala! Nani kaliwasha hili?"

"Limejiwasha."

Lilikuwa jibu baya. Tukasimama pale kama tunalinda maiti, na mbwa wetu, anaitwa Polisi, kajificha kwenye banda la kuku. Zikapita dakika 15, likajizima lenyewe, kama mtu aliyemaliza kusema alichotumwa. Nikampigia fundi, hapatikani. Chunya hiyo.

Wiki ya pili, usiku uleule, saa ileile, krrr krrr. Sasa hapa lazima niseme kitu, mimi ni Mkinga. Na wa huku mnajua, Mkinga akinunua hata baiskeli mpya watu wanashusha sauti wanasema ndagu, yaani uchawi wa kutafutia utajiri. Asubuhi yake nikakuta wanawake wawili bombani wameacha kuongea. Dukani mteja wangu wa siku zote akaniuliza, eti kaka, nasikia kwako kuna mashine inafanya kazi usiku, inasaga nini? Nikamwambia jenereta. Akacheka kile kicheko cha nimekuelewa, akanunua misumari robo kilo, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Huyo mtu sijawahi kumuuzia kitu asiombe kupunguziwa. Pale ndio niliogopa.

Mama mkwe yeye alikuwa ameshafunga siku tatu.

Jumatano akaja mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye hekima zake, akakunywa chai, akala chapati nne, akasema mwanangu mimi hizo habari siziamini, ila watu wanaongea, basi tufanye hivi, Ijumaa tukeshe hapa na mashahidi waone ni mashine tu. Nikaona wazo zuri. Ijumaa wakaja watu saba na makoti yao, mke wangu kaweka chupa mbili za chai ya tangawizi, tumekaa kwenye viti vya plastiki kuzunguka jenereta kama tunalifanyia kipaimara. Saa nane. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro moja mjumbe akavua kofia, sijui kwa nini.

Saa tisa kamili. Kimya.

Saa tisa na dakika tano kimya. Tulikaa mpaka saa kumi, meno yanagongana, hakuna kitu, kwa mbali tu malori ya Tunduma yanapita. Watu wakaniangalia sasa kwa macho mabaya kuliko mwanzo, maana lililia wiki mbili, leo kuna mashahidi limenyamaza, hilo lina akili. Mama mkwe peke yake ndio alikuwa anatabasamu kwenye kitenge chake. Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda, lililokuwa linaunguruma kwa mkwe wangu limefungwa kinywa. Watu makofi. Na mimi nikapiga, ningefanyaje?

Jumanne jioni upepo ukaangusha mti kwenye laini mtaa wa juu. Giza. Ndani ya mashine yangu kuna mayai 176, siku ya 17. Ila safari hii mimi sina wasiwasi, nikawaita wote sebuleni, mke, watoto, mama, nikawaambia kwa madaha, "Hesabuni mpaka kumi tu." Watoto wakaanza. Kumi. Ishirini. Sitini. Yule mdogo alikuwa anafurahi maana mia hajawahi kuifikia, alipofika mia na arobaini nikamwambia mwanangu nyamaza.

Nikatoka na tochi. Nikaangalia dizeli, ipo. Nikafungua filta, nikapampu kutoa upepo kwenye paipu, mikono imejaa dizeli, jasho linatoka na baridi lote lile, kama nusu saa nzima. Kile kioo kidogo hakina hata nukta ya mwanga na mimi mpumbavu sijajiuliza kwa nini. Mpaka tochi ilipoangukia betri. Kichwa cha waya mweusi kimevuliwa, kimefungwa na kipande cha kitenge cha bluu, mafundo matatu, na katikati ya mafundo kuna kikaratasi kimekunjwa. Nikakikunjua. Zaburi ya 91, kwa penseli, mwandiko wa mama mkwe, mpaka mstari wa sita, ule wa tauni ipitayo gizani.

Nikarudi ndani nimeshika kitenge. Sikuongea. Akakiona.

"Baba Neema," akasema, hana hata aibu, "marehemu baba yenu ameendesha lori hii barabara miaka mingi. Gari likimfanyia vitu visivyoeleweka anatoa betri kwanza, ndio anasali."

"Sawa mama. Spana iko wapi?"

Spana namba 10 ilikuwa kwenye ndoo ya unga. Chini kabisa.

Ila tusimuonee, wakati mimi napampu dizeli gizani yeye ndiye aliyekuwa ameshaizungushia mashine mablanketi mawili na chupa za soda zenye maji moto, na bahati yetu mayai ya siku ya 17 vifaranga wenyewe ndani wanakuwa na joto lao. Nilipobana ule waya kioo kikawaka, likakohoa, krrr, moshi mweupe, NGURUUU, chenjiova ikagonga ta! na nyumba ikawaka yote. Mtaa mzima upo gizani, kwangu tu kweupe. Nikasikia mlango wa jirani ukifungwa na komeo.

Fundi alirudi kutoka Chunya Alhamisi. Nikamsimulia yote, akafungua menyu, akaangalia, akaniangalia.

"Bosi, ratiba iko sawa. Jumamosi, saa tatu."

"Nioneshe."

Imeandikwa 03:00. Nikaiangalia weee. "Hiyo si saa tisa usiku?"

Akamgeukia dogo. Dogo akasema kwa heshima zote, "Bosi alinionesha vidole vitatu, nikaweka tatu. Yaani tisa ndio tatu?" Shule yote ile. Fundi akavua kofia akajipepea nayo, na baridi hilo.

Tukaweka 09:00. Ijumaa usiku nililala kama mtoto, na Jumamosi vifaranga 131 wakawa wametoka, wengine bado wanagonga ganda wakati jenereta linajipima saa tatu asubuhi jua limewaka. Nilifunga duka siku hiyo makusudi nikamwita mjumbe aje ashuhudie mchana kweupe. Akaja, akalisikiliza mpaka likazima, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo sasa hivi linafanya kazi mchana?"

Mama mkwe kaondoka na vifaranga 20 kwenye boksi la biskuti, anasema ni wake kwa haki, yeye ndiye aliyewaatamia. Kila Jumamosi anapiga simu, hata salamu bado, anauliza, "Limeamka?"