Mombasa mji wa wote? Tumuulize kwanza aliyekuwa anaulisha

Mtu akianza kusifia Mombasa utasikia maneno yale yale, mji wa wote, Mwarabu yupo, Mhindi yupo, Mbulushi yupo, Mgoa yupo, msikiti wa Bohora uko Mji wa Kale na kanisa haliko mbali. Akimaliza anakuja mwingine anasema acheni hizo, ule ulikuwa mji wa mabwana na watumwa, huko kuchanganyika kulikuwa kwa wenye mali tu. Mimi naona kila mmoja ana haki yake, lakini wote wawili wanaruka swali la chakula, na kwangu hilo ndo swali lenyewe.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapo mwaka 1331 akaandika kuwa watu wa kisiwani chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, misikiti yao ni ya mbao imejengwa vizuri, na nafaka hawalimi, wanaletewa kutoka pwani ya bara. Hebu fikiria, mji mzima hauna nafaka yake! Na si nafaka tu, pembe za ndovu na sandarusi ambazo majahazi yalikuwa yanakuja kuzifuata na kaskazi, zote zilitoka ng'ambo ya maji, kwa watu ambao leo tunawaita Wamijikenda, yale makabila tisa ya pwani kama Wagiriama na Wadigo. Kwa hiyo ule uwazi wa Mombasa naamini ulikuwepo kweli, ila haukutokana na roho nzuri peke yake, ulitokana na shida, manake kisiwa kile ukigombana na jirani unalala njaa.

Na wenyeji wenyewe ni akina nani? Chukua Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili, ndo wenye mji hao. Wamegawanyika Thelatha Taifa, mataifa matatu, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, halafu Tisa Taifa ambao ndani yake kuna Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka na wengineo. Sasa soma hayo majina polepole, Pate iko wapi, Faza iko wapi, Kilifi iko wapi? Watu walihama na jina la kwao, wakaingia mjini wakawa taifa la mji bila kulificha. Na haya mataifa yalikuwa na watu wao huko bara, mahusiano ya biashara, ya kusaidiana vitani, ya kukimbiliana wakati wa njaa. Hata Mreno na kiburi chake chote na Ngome yake ya Yesu (Fort Jesus) aliyoanza kuijenga 1593 alikuwa anawapa watu wa bara nguo ili njia zisifungwe. Kwa hiyo anayesema Mombasa ilijua kuishi na mgeni hasemi uongo, huo ushahidi ni mzito na mimi siwezi kuutupa.

Lakini upande wa pili nao usikilizwe bila kukatizwa. Hao hao waliokuwa wanaulisha mji waliitwa Wanyika, watu wa porini, na jina la Mijikenda limekuja kushika miaka ya 1940 tu. Waomani wakamtoa Mreno mwaka 1698 baada ya kuizingira Ngome karibu miaka mitatu, wakaja Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala mji, 1837 Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, akauchukua mji, na karne hiyo ya 19 ndo mashamba ya pwani yakajaa watumwa. Utumwa haukuja kufutwa kisheria ukanda huo mpaka 1907, wakati reli ilikuwa imeshafika Kisumu! Yaani mtu angeweza kuona treni inapita na bado ni mali ya mtu. Nani atamwambia huyo kwamba alikuwa anaishi mji wa wote?

Na bandari ya Kilindini nayo ikaendelea vile vile, kuli na kibarua kutoka kila kona ya Kenya, makabila yote, dini zote, ukitaka mchanganyiko ndo huo, lakini mshahara hautoshi na pa kulala hakuna, mpaka Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 wakagoma mji ukasimama. Ule mgomo uliunganisha watu wa makabila tofauti kuliko sherehe yoyote, na sielewi kwa nini tukihesabu fahari za Mombasa tunahesabu milango ya nakshi na huo hatuutaji.

Ila kinachoniuma zaidi ni ardhi. Mwaka 1908 Mwingereza alileta sheria ya hatimiliki kwenye ukanda wa pwani, kila mwenye ardhi aje adai aandikiwe. Waliokuwa na makaratasi au wanajua mambo ya ofisi, wengi wao watu wa mjini, wakaandikiwa, wakati Wamijikenda ardhi yao ilikuwa ya ukoo, haina karatasi ya mtu mmoja, na ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya Mfalme. Kwa hiyo ule mkataba wa zamani wa jirani na jirani, uliosimama mamia ya miaka kwa neno la mdomo na doti za nguo, ukavunjwa ofisini. Leo ukivuka Nyali au Likoni ukaingia ndani kidogo unakuta mzee analima pale alipozikwa babu yake, mahindi yake yanaliwa kisiwani kama kawaida, na yeye ndo anaitwa skwota, mvamizi wa ardhi.