Stockholm Hakuna Hodi

Kwetu Ngamiani, Tanga, maiti ikiokotwa alfajiri, jua halijapanda ishajulikana ni ya nani, marehemu alikuwa akidaiwa na nani, na jana usiku alionekana kwenye chipsi za wapi. Polisi wakifika kazi yao ni kuchuja tu. Mashahidi ni wengi kupita kiasi, na nusu yao wana ugomvi wa kiwanja na mshukiwa.

Kwa hiyo riwaya ya kwanza ya upelelezi niliyoimaliza kwa Kiswidi ilinitatiza, na tatizo halikuwa lugha. Ni *Roseanna* ya mwaka 1965, ya Maj Sjöwall na Per Wahlöö. Mashine ya kuzoa tope katika mfereji wa Göta, karibu na mji wa Motala, inaibuka na mwili wa mwanamke. Hakuna anayemjua. Hakuna aliyekuja kuuliza. Kurasa zinakwenda, majuma yanakwenda, na mpelelezi Martin Beck, mtu wa tumbo bovu na ndoa iliyopoa, bado hajui hata marehemu anaitwa nani. Nikawa nakigombeza kitabu: ndugu zake wako wapi jamani? Mbona hakuna tangazo la redio?

Siku hizi sikigombezi. Kazi yangu hapa Stockholm ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na kuna nyumba naingia asubuhi nikijua kwamba sauti ya mwisho mle ndani ilikuwa yangu mwenyewe, jana jioni, nikiaga.

Mwaka huohuo wa 1965 kwetu ilitoka *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, na miaka mitano kabla yake Mohamed Said Abdulla alikwishatuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Bwana Msa hapati shida ya majina. Anaanzia kwenye nasaba: nani kamwoa nani, nani kamzaa nani kwa siri. Kwake siri haikai mbali, imo humohumo ndani ya ukoo. Nikisoma vitabu hivi viwili viwili, cha huku na cha kwetu, ndipo naona Waswidi wanaogopa nini na sisi tunaogopa nini.

Na kuna jambo jingine lililonichukua muda. Waswidi hawa, wanaosubiri foleni kwa adabu na kuamini barua ya kodi kama vile imetoka kwa mama, ndio wanaoandika riwaya za kuishtaki serikali. Sjöwall na Wahlöö walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, wakaandika vitabu kumi hadi 1975 chini ya kichwa kimoja kidogo, “Riwaya ya uhalifu”, na mhalifu waliyemkusudia ni dola yenyewe. Stieg Larsson, aliyefariki 2004 kabla hajaviona vitabu vyake dukani, aliendeleza mashtaka hayohayo. Sisi tunaoisema serikali kila jioni kwenye kahawa, tulilelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi mtanashati aliye tayari kuifia. Nadhani hasira ya Waswidi ni ya watu walioahidiwa. Sisi matumaini yetu tuliyaweka kwa mjomba, na mjomba akitugeuka ndipo tunapopata riwaya.

(Willy Gamba angepewa kesi ya mauaji ya Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, angekwenda Pretoria moja kwa moja. Palme alihutubia mkutano wa kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini tarehe 21 Februari 1986. Siku saba baadaye akapigwa risasi barabara ya Sveavägen akitoka sinema na mkewe. Polisi wa hapa nao waliufuata uzi huo, ukawakatikia mkononi. Mwaka 2020 faili lilifungwa, na hakuna anayetumikia kifungo.)

Henning Mankell nitamsema kwa kifupi kwa sababu kanigusa vibaya. Katika kitabu chake cha kwanza cha mpelelezi Wallander, cha 1991, wakulima wawili wazee wanashambuliwa shambani kwao, na neno la mwisho la bibi kizee linamtaja “mgeni”. Mji unabadilika baada ya neno lile. Kitabu hicho nilikisoma kwenye treni na nikajikuta nimekigeuza jalada lisionekane.

Lakini kilichonipata hasa ni cha kutisha. John Ajvide Lindqvist alikulia Blackeberg, mtaa wa magorofa magharibi mwa Stockholm, vituo vichache tu kutoka kwangu. Mwaka 2004, katika riwaya yake, akauwekea mtaa huo mnyonya damu, mtoto wa umbo la miaka 12 asiyeweza kuingia kwako mpaka umkaribishe. Akiingia bila kukaribishwa anatoka damu mwili mzima. Filamu ya riwaya hiyo ilitoka 2008. Nilikwenda Blackeberg kuutafuta uwanja wenye theluji niliouona, kumbe sehemu kubwa walipigia Luleå, kaskazini kabisa, kuifuata theluji.

Sharti lile la kukaribishwa nililijua tangu utotoni. Bibi alitukataza: ukiitwa usiku usiitike, ngoja mara ya tatu, maana wasio watu huita mara moja. Tofauti ni kwamba kwetu katazo lilikuwa gumu kulishika. Mchana kutwa watu wanapiga hodi na ulimi umeshazoea kusema karibu kabla hujajua ni nani. Hapa mnyonya damu angekufa njaa. Nani angemfungulia? Jirani yangu akitaka kutoka huchungulia kwanza tundu la mlango, akiniona ngazini hungoja nipite.

Juzi usiku nilikuwa naitazama tena ile filamu, kengele ya mlango ikalia. Nikapunguza sauti, nikanyata, nikachungulia. Alikuwa yeye, ameshika barua yangu iliyopotea njia. Nikabana pumzi mpaka akaisukuma kwenye tundu la barua, ikaanguka miguuni pangu, naye akarudi kwake.

Kengele ililia mara moja tu.