Starehe za juu ya paa Dar es Salaam: hoja iko kwenye ngazi

Anayepanda lifti hadi Level 8, baa iliyo juu ya hoteli ya Hyatt Regency Kilimanjaro jijini Dar es Salaam, huiona bandari yote kwa mara moja: meli za mizigo, vivuko vinavyokwenda na kurudi Kigamboni, na karibu kabisa mnara wa kanisa la Azania Front. Kwa muda mrefu starehe ya namna hiyo ilikuwa mali ya hoteli kubwa. Siku hizi imeshuka hadi kwenye majengo ya kawaida, ya ofisi na hata ya makazi, ambako mwenye nyumba huondoa kamba za nguo juu ya ghorofa yake, akasogeza simtanki pembeni, akapanga meza na kuning'iniza taa. Mabadiliko hayo yana watetezi na wapinzani, lakini pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinabishana zaidi juu ya mambo yenye uzito mdogo.

Watetezi wana hoja ya kwanza isiyohitaji ushahidi kwa mtu aliyewahi kukaa Dar es Salaam mwezi wa Februari. Joto la jiji hili huambatana na unyevu, na kadiri ghorofa zinavyosongamana katikati ya mji ndivyo upepo wa baharini unavyokosa njia ya kufika barabarani. Juu ya paa upepo upo. Hoja ya pili ni ya ardhi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu, na viwanja vya mjini vinavyofaa kwa mgahawa wenye nafasi ya wazi vimekuwa adimu na ghali mno. Paa lililokuwa halimwingizii mwenyewe hata senti sasa linalipiwa kodi ya pango, na juu yake wapishi na wahudumu wanapata ajira, mbali na wachuuzi wa soko la samaki la Feri wanaopata wateja wapya.

Upande wa pili, lalamiko linalosikika sana ni la bei, kwamba soda ile ile inapanda thamani kila inapopanda ghorofa. Sioni kama hili ni jambo la kushughulisha mamlaka. Ufukwe wa Coco bado uko wazi kwa kila mtu, mihogo na mishkaki vipo, na asiyetaka kulipia mandhari halazimishwi.

Kelele ni jambo jingine. Muziki unaopigwa ndani ya ukumbi wa chini huzuiwa kwa kiasi fulani na kuta na majengo ya jirani, ilhali muziki wa juu ya paa hauna kizuizi. Huenda moja kwa moja kwenye madirisha ya ghorofa za mtaa wa pili, madirisha ambayo wenyewe wameyaacha wazi kwa sababu ya joto lile lile lililowapandisha wateja juu. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limewahi kufungia baa zilizozikiuka. (Limezionya pia nyumba za ibada, kwa hiyo wanaodai kwamba starehe pekee ndizo zinazoandamwa hawasemi kweli.) Udhaifu ni kwamba hatua huchukuliwa baada ya majirani kukosa usingizi, badala ya kipimo kufanyika kabla ya leseni kutolewa.

Hata hivyo, kelele haziui. Kinachonitia wasiwasi ni paa lenyewe na njia ya kushukia. Paa la jengo la kawaida limebuniwa libebe tangi la maji, mashine za viyoyozi na fundi mmoja mmoja anayepanda kurekebisha. Ni kweli kwamba tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10, na wenye majengo hupenda kutoa mfano huo. Lakini tangi halichezi muziki wala halikusanyiki upande mmoja kutazama fataki. Jiji hili halihitaji kukumbushwa kinachotokea uzito unapozidi mahesabu: tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Moto ni hatari zaidi, na hapo mfano wa jiji la Mumbai, India, unatufaa. Novemba 2017 mamlaka za jiji hilo ziliidhinisha sera ya kuruhusu migahawa ya juu ya paa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Desemba mwaka huo huo, moto uliteketeza mgahawa wa juu ya paa katika eneo la Kamala Mills na watu 14 wakafa, wengi wao kwa moshi, baada ya kukimbilia vyooni. Paa lile lilikuwa limezibwa kwa vifuniko vya muda vinavyoshika moto upesi. Nasi tuna masika: mvua za Machi hadi Mei humlazimisha mwenye baa kufunika paa lake, na kifuniko cha bei nafuu na cha kupendeza ni makuti au turubai. Chini yake kuna jiko la mkaa la nyama choma, shisha na nyaya za taa zilizofungwa na fundi wa mtaani. Lifti haitumiki wakati wa moto, na umeme ukikatika haitumiki kabisa. Zinabaki ngazi, mara nyingi moja tu, nyembamba, yenye kreti za bia zilizopangwa kila ukingo.

Wamiliki hujibu kwamba kuongeza ngazi ya pili kwenye jengo lililokwisha kujengwa ni gharama isiyowezekana, na kwa majengo mengi wanasema kweli. Lakini jibu hilo haliwapi haki ya kujaza paa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaweza kuhesabu ni watu wangapi ngazi iliyopo inaweza kuwashusha kwa usalama, idadi hiyo ikaandikwa kwenye leseni na kubandikwa mlangoni, na makuti yakapigwa marufuku popote penye njia moja. Baa ambayo haiwezi kupata faida kwa idadi hiyo ya wateja katika jengo lenye ngazi moja itafute uwanja wa chini, au iingie mkataba na jengo ambalo tangu kwenye ramani lilichorewa ngazi mbili.