Mkopo wa kujikimu: shida ni matumizi au tarehe?

Vyuo vikuu vinapofungua, Agosti na Septemba, bishano hurudi kwenye baraza za Mkunguni hapa Lamu. Vijana wetu walioko Kilifi, Mombasa na Nairobi wanashinda njaa kwa sababu mkopo wa kujikimu wanaopewa na serikali ni mdogo, au kwa sababu hawajui kuupangia?

Wanaowalaumu vijana wana hoja. Mtu aliyezoea kupewa pesa ya nauli tu, ghafla shilingi 30,000 ziko kwenye simu yake. Kiatu kipya, mchango wa rafiki, kidogo cha kumtumia mama. Katikati ya muhula anaishi kwa Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, na pesa yoyote ikiingia M-Pesa, Fuliza hukata chake kwanza. Hapo mafunzo ya bajeti yangesaidia kweli.

Lakini tupige hesabu. Katika utaratibu wa ufadhili ulioanza 2023, mwanafunzi wa kundi la wahitaji zaidi hupangiwa mkopo wa kujikimu wa shilingi 60,000 kwa mwaka, na wa kundi la wenye uwezo zaidi 40,000. Kwa mihula miwili ya miezi minne minne, huyo mhitaji zaidi ana 7,500 kwa mwezi. Humo mna kodi, chakula, bando na kuchapisha kazi za darasani. Mtoto wa Faza ana na boti ya kumfikisha bara, kisha basi hadi Mombasa, kabla hata hajaianza safari ya Nairobi. Na pesa hizo ni deni, lenye riba ya asilimia 4.

Linaloniuma zaidi ni tarehe. Mkopo ukichelewa, hakuna bajeti inayosimama, hata ya mtu mwangalifu vipi. Mzazi mvuvi naye hawezi kuziba pengo, maana ndipo anatoka kwenye kusi: miezi ya bahari chafu, vyombo vimelala, na tajiri wa samaki anamdai.

Basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, hulipwa chuoni moja kwa moja. Naelewa sababu: ni pesa ya umma, na ikipita mkononi inaweza kuishia kwingine. Hata hivyo karo iliyolipwa haimshibishi mtu, na nimeona vijana wakikosa vipindi ili wafanye vibarua. Naunga mkono sehemu ya basari iwe ya kujikimu. Kuigawa yote mwezi kwa mwezi kutamkwamisha mwanafunzi mwanzoni, penye dipoziti ya chumba, godoro na mtungi wa gesi. Bora nusu itangulie, iliyobaki iingie kila mwezi, kwa tarehe inayojulikana.

Kaunti ingeweza kuanza na orodha ya basari kutoka kabla ya Agosti, mzazi ajue mapema kama arudi kukopa kwa tajiri au asubiri.